Kwaresima Uliyofunga Kulalamika

Mama,

Baba amemaliza kutengeneza kila kitu ulichokuwa unakilalamikia. Naanza na hilo kwa sababu najua usingekuwa na subira ya salamu ndefu. Mtu akikuamkia ulikuwa unaitikia "marahaba" ya haraka, halafu unaingia kwenye hoja: mkaa una mawe, jua limeanza kuchoma tangu asubuhi, hawa wageni waliokuja na mkoa mpya wanapita mlangoni kwa watu kama wanapita porini. Basi sikiliza. Bati lililokuwa linavuja juu ya kitanda chenu limebadilishwa. Kiti kilichokuwa kinayumba kimepata mguu mpya. Kamba ya kuanikia nguo, ile uliyosema imefungwa na mtu mwenye roho mbaya, na sote tulijua aliyeifunga ni Baba, sasa imekazwa na shuka haziburuzi tena chini. Lile shimo kwenye njia ya kwenda chooni limejazwa kifusi. Amefanya yote mwenyewe, polepole, kuanzia mwezi wa sita, bila kusema kitu. Kila alipomaliza kimoja alikuwa anasimama pembeni anakitazama kwa muda, anangoja. Sijui alikuwa anangoja nini. Au najua.

Nyumba karibu haina kasoro sasa, Mama, na inatisha. Ninapoingia kutoka kazini kuna ukimya uliosimama katikati ya sebule, na mimi nauzunguka.

Cha mwisho kilikuwa mlango wa jikoni, ule uliokuwa unakwaruza sakafu. Aliuranda ubao wa chini ukawa unafunguka kwa kidole kimoja. Nilivumilia siku nne. Siku ya tano, Baba alipokwenda shambani Mutuka, nilichukua bisibisi nikalegeza bawaba ya juu mpaka mlango ukashuka ukaanza tena kukwaruza. Jioni aliporudi aliusukuma, akausikia, akasimama na jembe begani. Hakuniuliza. Wala hakuutengeneza tena.

Leo ni Jumapili, na Jumatano hii tunapakwa majivu. Ni Kwaresima ya kwanza bila wewe. Nakuandikia hapa mezani, kwenye karatasi za ofisini, na Mungu anisamehe kwa hizo karatasi. Nina jambo ambalo sikumwambia mtu tangu tulipokuzika. Leo nimemwambia Baba, na yeye ameniambia la kwake. Lakini siwezi kulifikia moja kwa moja. Lazima nipitie kwa Mama Ruti.

Unakumbuka alivyokuja? Babati ilikuwa ndiyo kwanza imefanywa makao makuu ya mkoa mpya, kila chumba mjini kilikuwa kinatafutwa na maofisa, na yule bibi wa Kimarekani akapata nyumba ya vyumba viwili kule Nakwa. Alikuwa mzee, miguu imevimba, amekuja kujitolea kufundisha hesabu sekondari. Wewe ukapata kazi ya kumpikia. Siku ya kwanza ulirudi nyumbani uso unang'aa, ukavua kitenge cha kichwani ukasema: "Emi, yule mzungu analalamika kunishinda mimi." Ulilisema kwa furaha ya mtu aliyekutana na ndugu yake stendi.

Sikuwahi kuelewa mlivyokuwa mnaelewana. Kiingereza chako kilikuwa cha darasa la saba na Kiswahili chake kilikuwa cha miezi mitatu. Lakini nilipokuja kukuchukua nikitoka kazini masjala niliwakuta nje, wewe unachambua maharage, yeye miguu iko juu ya ndoo iliyogeuzwa, na mmoja anasema joto, mwingine anasema vumbi, mmoja anasema umeme, mwingine anasema viboko wamekula mahindi ya watu kule ziwani. Ilikuwa kama wimbo wa kupokezana. Mlikuwa mnapumzika, Mama. Sasa ndiyo naona kwamba pale mlikuwa mnapumzika.

Ni yeye aliyetupatia yale maneno ya kulalamikia. Alitueleza kwamba ni ya lugha ya mama yake, Kiyidishi, lugha waliyokuwa wanaiongea Wayahudi huko Ulaya. Babu zake waliondoka nayo wakapanda nayo meli mpaka Marekani, na huko ikaanza kusahaulika kidogo kidogo, watoto wakaitupa, wajukuu hawakuijua kabisa. Lakini maneno ya kulalamikia hayakutupwa. Yaliingia kwenye Kiingereza cha Wamarekani wote, mpaka leo polisi anayatumia, mwalimu anayatumia, mtu ambaye hajawahi kukaa na Myahudi hata siku moja anayatumia na hajui yalikotoka. Wewe ukauliza kwa nini yapone hayo tu, mengine yafe. Akasema kwamba Waingereza walikuwa wanaona aibu kulalamika, kwa hiyo hawakuwa na maneno mazuri ya kazi hiyo, ikabidi waazime. Ulicheka mpaka maharage yakamwagika, halafu ukalalamika kwamba yamemwagika.

Kulikuwa na kwechi, yaani kulalamika bila kituo. Alisema mwanzoni neno hilo lilikuwa na maana ya kubana na kukamua, kama unavyokamua limao, na mtu anayekwechi anajikamua mpaka tone la mwisho. Kulikuwa na oi vei, na ile ndefu yake, oi vei iz mir. Alipotueleza maana yake wewe ukamkatiza: "Ole wangu! Hilo tunalo. Liko kwenye Biblia." Na kulikuwa na krekhts, ule mgumio unaomtoka mtu akikaa au akiinuka au akinyanyua kitu, si neno hasa, ni mwili unaoongea. Mimi hiyo ilinishinda. Ile sauti ya kukwaruza kooni nikiijaribu nilikuwa naonekana nimepaliwa. Wewe uliitamka mara ya kwanza tu, safi, kwa sababu katika Kiiraqw sauti hiyo iko kooni mwako tangu ulipozaliwa Mbulu. Mama Ruti aliinuka na miguu yake ile mibovu akakukumbatia. Alisema tangu mama yake afe hakuwahi kuisikia imesemwa vizuri hivyo.

Mimi nimekulia mjini na Kiswahili changu cha shule, sina koo hilo. Nilikuonea wivu kidogo siku ile.

Ukayaleta yale maneno nyumbani, halafu ukayapeleka sokoni. Ulimwambia muuza nyanya "usinikwechi, nipunguzie tu," na muuza nyanya akamwambia mume wake, na mume wake ni dereva wa bajaji, basi. Mama Yusta jirani akawa anawaambia watoto wake waache kukwechi waende shule. Katibu wa jumuiya alilitumia kwenye kikao na hakuna aliyeshangaa. Mama Ruti alikaa miaka miwili akarudi kwao, lakini neno lilibaki mtaani kwetu Maisaka.

Wiki iliyopita kijana mmoja alikuja dirishani kwangu kufuatilia barua yake. Unajua kazi yangu, napokea barua za watu zenye malalamiko, nazigonga mhuri, nazipeleka ndani. Alikuwa na mwenzake aliyekuwa anagumia kwamba wamesimama sana. Akamgeukia akamwambia: "Acha kukwechi bwana, tulia." Nilimuuliza amelitoa wapi neno hilo. Akanitazama kama vile mimi ni mwalimu anayemtania. "Si Kiswahili tu, dada?" Nikamuuliza ametoka wapi, akasema Singida, amekuja mwezi wa kumi na moja. Mama, hukuwa hai mwezi wa kumi na moja. Yule kijana hajawahi kukuona, na umo mdomoni mwake. Niliacha dirisha wazi nikaenda nyuma ya makabati ya mafaili nikasimama pale mpaka mkubwa wangu akaja kuuliza kama naumwa.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Mwaka jana, siku ya Majivu, jumuiya ilisali kwa Mama Yusta. Baada ya sala kila mtu akasema atajinyima nini, kama kawaida yetu. Mzee mmoja akasema pombe, watu wakaguna. Mama Yusta akasema nyama. Ilipofika zamu yako ukasema sukari. Na mimi, na mdomo wangu huu, nikasema mbele ya watu wote: "Sukari unaiacha kila mwezi, Mama. Funga kulalamika."

Watu walicheka sana. Mama Yusta alipiga makofi. Ulinitazama, ukaona hapa hakuna pa kupita, ukasimama ukajifunga kanga vizuri kiunoni. Ukasema: "Haya. Siku arobaini. Mungu ni shahidi, Emi ni mlinzi."

Ukaniteua wewe mwenyewe. Nakukumbusha kwa sababu mara nyingine huwa nataka kujitetea.

Wiki ya kwanza ilikuwa ni kicheko mtindo mmoja. Mkaa ulikuja na mawe, ukafungua mdomo, ukaufunga, ukatoka nje ukaizunguka nyumba ukarudi. Padre alihubiri saa nzima na nusu, tukatembea njia nzima mpaka nyumbani na hukusema kitu, ulikuwa umebana midomo kama mtoto anayekataa dawa. Siku ya tano ukapata mlango wa kutokea. Maji yalikuwa yamekatika, ukatua ndoo tupu ukasema "oi vei iz mir" kwa utaratibu kabisa. Nikaruka. Ukajitetea kwamba nadhiri yako ni ya Kiswahili na Kiiraqw, hiki Kiyidishi ni mambo ya ndani kati ya Mungu na Wayahudi, wewe umeazima tu. Baba alicheka mpaka akatoa miwani.

Mimi nikatoa hukumu. Kulalamika ni kulalamika. Hata kwa maneno ya Mama Ruti hairuhusiwi.

Ukaniuliza: "Hata krekhts? Hiyo si neno, Emi, huo ni mgongo."

Nikasema hata hiyo.

Nilidhani nachekesha, Mama. Ofisini hakuna anayeniogopa, mimi ni wa kugonga mihuri tu, na nyumbani nilikuwa nimepata sheria ya kusimamia. Nilifurahia. Naliandika hili wazi ili usije ukasema nimelipunguza. Nilifurahia sana.

Na wewe ulitii. Kuanzia wiki ya pili ulikuwa kimya kweli. Wanajumuiya wakawa wanasema Mama Emi ameiva kiroho mwaka huu, na mimi nikawa navimba kichwa. Ulikonda, lakini nani hakondi Kwaresima. Ulikuwa unakunywa uji tu, nikasema ndiyo kufunga kwenyewe. Ulikuwa unakaa kwenye kizingiti cha jikoni mchana, mkono umeuweka hapa chini ya mbavu, macho umeyafumba. Nilikuona. Si kwamba sikukuona. Nilidhani unasali.

Jumatano ya Juma Kuu nilirudi kazini saa kumi. Ulikuwa umesimama kwenye mlango wa jikoni umeshika fremu kwa mikono miwili. Uliponiona ukasema "Oi," basi, nusu yake tu, na sauti haikuwa ya mzaha. Leo najua haikuwa ya mzaha. Mimi nikainua kidole, nikacheka. Nikasema: "Mama! Bado siku nne!"

Ulinitazama. Kuna kitu kilipita usoni mwako ambacho tangu siku hiyo nakitafuta jina na sikipati. Halafu ukafunga mdomo, ukatabasamu, ukasema: "Umeniweza."

Na ukaenda kunipashia chakula. Ulinipashia chakula, Mama. Ulikoroga, ukapakua, ukaniletea mezani, na mimi nikala nikikusimulia habari za ofisini. Nilikula chote.

Jumamosi Kuu asubuhi ulianguka uani ukiwa unafua nguo zetu za Pasaka. Mama Yusta ndiye aliyeita bajaji. Daktari alikuwa kijana mdogo, mpole, alitoka chumba cha upasuaji akatuita mimi na Baba pembeni. Alisema ni vidonda vya tumbo, vimetoboa, na uchafu umesambaa ndani, na wamefanya walichoweza. Akasema huyu mama lazima alikuwa na maumivu makali kwa wiki nyingi. Halafu akauliza, hata si kwa ubaya, aliuliza tu kama mtu anayejaza fomu: "Hakulalamika?"

Baba alinitazama. Mimi nilitazama sakafu. Nikasema: "Hapana. Hakulalamika."

Ukaondoka Jumatatu ya Pasaka mchana, bila kuamka. Nadhiri yako ilikuwa imekwisha tangu Jumapili na hukupata hata siku moja ya kuifurahia.

Tangu hapo hilo swali halijaniacha. Nalisikia ninapogonga mhuri. Nalisikia kwenye foleni ya komunyo. Wageni wakija kutufariji husema marehemu alikuwa mcheshi, alikuwa na maneno yake, na mimi naitikia ndiyo, ndiyo, na pembeni ya sikio langu yule daktari anauliza tena. Na uani kuna nyakati za mchana, hasa upepo ukitulia, ninapojua kabisa kwamba umesimama nyuma yangu na una jambo la kusema na umebana midomo. Sigeuki. Nikigeuka nitakuta kamba ya nguo.

Halafu Baba akaanza kuniuliza. Mara ya kwanza ilikuwa kama wiki ya tatu baada ya mazishi. Tulikuwa tunakula, akasema: "Emi, mama yako alikuambia kitu?" Nikasema hapana, Baba. Akaitikia kwa kichwa. Baada ya mwezi akauliza tena, tukiwa tunavuna mbaazi. Baadaye tena tukitoka misani. Swali ni lile lile na jibu langu ni lile lile. Nilijua kwa nini anauliza, au nilijidanganya kwamba najua. Lile sikio lake la kushoto liliharibika tangu alipokuwa anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga. Niliamini anadhani ulimwambia ukiwa ubavuni kwake na yeye hakusikia. Nilikuwa namwona amekaa peke yake anajishika lile sikio, na mimi nina ukweli ambao ungemwondolea mzigo huo siku moja, na nikamwacha. Mwanao ni mwoga, Mama. Usiniambie siyo.

Nilimwandikia Mama Ruti kumpa taarifa, kwa Kiingereza changu cha barua za kikazi. Alijibu. Alisema alilia, kisha akalalamika kuhusu posta, kwamba barua yangu ilichukua wiki tano. Na chini kabisa aliandika kwamba katika miaka ile miwili ulilalamika mbele yake kuhusu kila kitu kilicho chini ya jua, lakini hata siku moja hakukusikia ukijilalamikia wewe. Yeye alikuwa anasema miguu, mgongo, macho. Wewe ulikuwa unasema mkaa. Aliligundua hilo alipokuwa anasoma barua yangu, na alisema limemkosesha raha. Mimi pia, kwa miaka ishirini na tisa sikuwa nimeligundua.

Leo, tumetoka misani, nimekwenda kuchota maji kwenye pipa. Nimeinama, nimeshika ndoo, nimeinuka nayo. Na imenitoka, Mama. Krekhts. Ile yenyewe, na kule kukwaruza kooni, ile ambayo sikuiweza hata siku moja. Haikuwa sauti yangu. Maji yakanimwagikia miguuni. Na upande wa pili wa ukuta Baba alikuwa anasikiliza redio, nikasikia redio imezimwa, na Baba akaitika: "Naam, Mama Emi."

Hakuita. Aliitika. Kama alivyokuwa anakuitikia siku zote ukianza.

Nilipotokea kona na ndoo yangu alikuwa ameshasimama. Aliona ni mimi. Sitakuelezea uso wake, wewe unaujua kuliko mimi. Akakaa tena, akauliza, kwa sauti ndogo kabisa: "Emi, kweli hakukuambia kitu?"

Nikatua ndoo. Nikamwambia. Mlango wa jikoni, fremu, ile nusu ya neno, kidole changu, siku nne, chakula. Nilimwambia na ile hukumu niliyoitoa siku maji yalipokatika, na kwamba ni mimi niliyekuziba mdomo na nikakukatalia hata ule mgumio. Nilisema yote bila kumtazama. Nikangoja aniambie niondoke mbele yake.

Baba alisema: "Mimi aliniambia."

Wiki ya pili ya Kwaresima, Mama. Ulimwambia wiki ya pili! Ulimwambia kuna moto hapa chini ya mbavu, unawaka kama umemeza pilipili. Alikuambia mwende hospitali, ukakataa. Ukasema ukifika kwa daktari itabidi ulalamike, na umeahidi mbele ya jumuiya, acha Pasaka ipite. Ukamwapisha asiniambie. "Emi asijue, atajiona amekosa." Na yeye aliyezoea kukutii miaka yote ile akatii na hilo. Alikuwa analala ubavuni kwako anakusikia unavyobana pumzi, kwa sikio lake zima, Mama, si lile bovu. Alikuwa anakusikia vizuri sana.

Akaniambia: "Nilikuwa nakuuliza nikiomba useme ndiyo. Nilitaka tuwe wawili tuliojua."

Na mimi kila mara nilijibu hapana. Mara sita, saba, sijui ngapi. Kila hapana yangu ilikuwa inamrudisha chumbani peke yake na wewe.

Nimekukasirikia. Nimekusamehe pia, lakini nitaanza na hasira kwa sababu ndiyo inayowaka sasa. Wewe uliyeweza kuusema mkaa kwa nusu saa! Wewe uliyemlalamikia Mungu kwenye rozari kuhusu ubora wa bati! Nani alikufundisha kwamba tumbo lako halina thamani ya jiwe moja kwenye gunia? Ulitaka nisijione nimekosa, na umeniachia kosa lote, na Baba umemwachia lake, tukakaa nyumba moja karibu mwaka mzima kila mtu ameficha la kwake chini ya ulimi. Ningelijua ningekubeba mgongoni mpaka hospitali na nadhiri yako ningeibeba mimi. Ulipaswa kunitukana siku ile. Ulipaswa kukipiga kile kidole.

Tumelia, Mama, mimi na Baba, uani, mchana kweupe. Mama Yusta alichungulia juu ya ua akarudi ndani bila kuuliza, na kwa Mama Yusta huo ni muujiza. Tulipokwisha kulia tulikaa tu. Jua lilikuwa kali na hakuna aliyelisema.

Halafu Baba akasema: "Goti langu linauma, Emi."

Sikumwelewa mara moja. Katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia Baba akisema anaumwa. Wewe ndiye uliyekuwa unasema kwa niaba ya nyumba nzima. Nikauliza goti gani. Akakunja suruali, taratibu, akanionyesha la kulia. Limevimba kama embe. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwezi wa kumi. Alisema hakutaka kunisumbua. Halafu akasema na kisigino, asubuhi, na lile jino la nyuma, na kwamba bati jipya linapiga kelele usiku likipoa. Alikuwa anasema huku anaona haya, kama mtu anayejifunza lugha ukubwani, na mimi nilikaa chini mavumbini nikamsikiliza mpaka mwisho. Sikucheka hata pale palipochekesha.

Kesho siendi kazini kwanza. Tunakwenda hospitali, na nitakaa naye ndani mpaka amwambie daktari yote, la goti, la kisigino na la jino.

Kwa hiyo nakuahidi, Mama, na hili sitalisema kwenye jumuiya, nalisema kwako tu. Nitamuuliza Baba kila siku kinachomuuma, na sitamwambia anyamaze. Na mimi nikiumwa nitamwambia. Sitasubiri sikukuu ipite.

Kaa kwa amani huko. Ukija uani mchana, sema tu lililokuleta. Nitageuka.

Mwanao,
Emi